Listi ya imeli au makundi ya Usenet? Barua tatu kuhusu pa kujadilia vitabu

Wapendwa, safari hii nimeweka barua tatu pamoja manake zote zinazunguka jambo moja, watu wanataka sehemu ya kuongelea vitabu kwenye intaneti na hawajui washike lipi. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu sana, mnivumilie, ni jambo ninalolipenda toka moyoni na nimeishi humo miaka mingi.

*

Dada mhariri, habari za kazi. Sisi ni watu kumi na wanne tulisoma pamoja zamani, sasa kila mtu yuko nchi yake ila mapenzi ya riwaya na mashairi bado tunayo. Mwaka jana tukafungua grupu la WhatsApp la vitabu, mwanzo lilienda vizuri lakini sasa limejaa salamu za asubuhi na video za kuforwadi, ukiandika kitu cha maana kuhusu sura uliyosoma kinamezwa ndani ya nusu saa na hakuna anayekirudia. Mwenzetu mmoja anasema tufungue listi ya imeli. Mwingine anasema hapana, mijadala ya kweli ya vitabu ilikuwa kwenye makundi ya habari ya Usenet na bado yapo, twende huko tutapata na watu wapya. Mimi ndo nimeachiwa uamuzi na hata tofauti yake siijui vizuri. Tushike lipi?
Mpenzi wa riwaya

Ndugu yangu, nakupa jibu kwanza halafu sababu zifuate: fungueni listi ya imeli, ya kwenu wenyewe, yenye mlango, yaani mtu haingii mpaka aidhinishwe. Usenet mwende kama wageni, mkaulize na kusoma, lakini msihamishie maskani yenu kule.

Sasa tofauti. Listi ina anwani moja ya kuongelea, ukituma imeli pale seva inaipokea inatoa nakala kwa kila aliyejiandikisha, basi, hakuna uchawi mwingine. Barua inakufuata ulipo. Usenet ni kinyume chake, wewe ndo unaifuata barua. Ukiposti, ujumbe unakaa kwenye seva unayotumia, seva hiyo inaupitisha kwa seva jirani, jirani anampa jirani yake, mpaka unaenea dunia nzima, na msomaji akiwa na nafasi anafungua programu ya kusomea, mfano Thunderbird, anachagua kundi analotaka anavuta yaliyomo. Kujiandikisha kwako huko ni alama tu ndani ya programu yako mwenyewe, hakuna orodha ya memba popote, kwa hiyo hakuna anayejua nani anasoma. Wazo lilianza 1979 kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Duke huko Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, wakati huo kompyuta zilikuwa zinapigiana simu zinapeana ujumbe halafu zinakata. Listi nazo ni za zamani, programu ya LISTSERV iliyozoeleka vyuoni iliandikwa na Eric Thomas 1986, na mwaka uliofuata Willard McCarty akaanzisha Humanist, listi ya watu wa fasihi, historia na lugha wanaotumia kompyuta, ambayo imedumu kwa miongo. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba kimoja ni cha kisasa na kingine ni cha kizee, ni wa rika moja kabisa.

Ila hako katofauti kadogo, barua kukufuata au wewe kuifuata barua, ndo kanabadilisha kila kitu kwenye mjadala wa kitabu. Nikupe mfano mmoja ambao kwangu unatosha. Shakespeare alikuwa na sehemu mbili kubwa. Usenet kulikuwa na kundi linaitwa humanities.lit.authors.shakespeare, wazi kwa yeyote, halina mwenyewe. Upande wa listi kulikuwa na SHAKSPER, iliyoanzishwa 1990 na Kenneth Steele huko Toronto, halafu toka 1992 ikasimamiwa na Hardy Cook. Mwandishi ni yuleyule mmoja, tamthilia ni zilezile, lakini ukisoma kumbukumbu za pande hizi mbili utadhani ni dunia mbili. Kule kwenye kundi la wazi ubishi wa kama Shakespeare kweli ndo aliandika tamthilia zake ulimeza karibu kila kitu, mtu anauliza swali zuri tu kuhusu mstari fulani wa Hamlet na baada ya majibu machache uzi mzima umeshageuka vita vya nani aliandika, watu walewale, hoja zilezile, miaka na miaka. Kule SHAKSPER msimamizi aliuzuia mjadala huo, akawa anapokea michango, anaipanga kwa mada, anaituma kwa mafungu. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyetumia wiki nzima kufikiria tukio moja kwenye tamthilia alijua atasomwa na watu waliotulia. Siwadharau wale wa kundi la wazi, kulikuwa na wasomi wazuri sana mle na wengine walijibu wageni kwa uvumilivu wa ajabu, lakini walikuwa wanaongea katikati ya kelele.

Na fasihi haitaki kelele. Habari za mpira au siasa unaweza kuzirukia katikati ukaelewa, riwaya huwezi, lazima wote muwe mmesoma kurasa zilezile ndo neno lako lina maana kwa mwenzako. Listi inawapa hicho. Mkikubaliana kwamba jumatatu ni sura ya nne mpaka ya saba, ile imeli ya jumatatu inamfikia kila mtu, aliyechelewa anaikuta inamsubiri, anayejibu baada ya siku tano hajapitwa. Huo upole wa imeli mimi nauona ni hazina, mtu anaruhusiwa kufikiri. Kwenye grupu la simu ukijibu baada ya siku tano unaonekana umefufua maiti. Usenet nako mambo hayaji kwa mpangilio, kwa vile ujumbe unapita seva kwa seva unaweza kukuta jibu limekufikia kabla ya swali, na kila seva ina muda wake wa kutunza, ikifika siku zake inafuta, kwa hiyo mwenzako anaweza kuwa anaona uzi mzima na wewe unaona kipande.

Halafu tuseme ukweli kuhusu hali ya Usenet leo. Yule mwenzenu hajakosea, makundi bado yapo, lakini si yale anayoyakumbuka. Zamani kila septemba vyuo vilipofungua walimiminika wanafunzi wapya wasiojua taratibu, wenyeji wanahangaika nao mwezi mmoja miwili wanazoea. Kuanzia 1993 kampuni za intaneti zikaanza kufungulia wateja wao wote na wageni hawakuisha tena, ndo maana kuna msemo kwamba septemba ya 1993 haijamalizika mpaka leo. Aprili 1994 wanasheria wawili wa Marekani wakaposti tangazo la biashara yao kwenye maelfu ya makundi kwa mpigo, bila kujali kundi ni la nini, na baada ya hapo spamu ikapata njia. Tarehe 22 februari 2024 Google nao, ambao wengi walikuwa wanaingilia Usenet kupitia Google Groups yao, wakafunga mlango huo, ya zamani unaweza kuyatafuta na kuyasoma pale lakini kuposti au kuona mapya ya Usenet huwezi tena. Anayetaka kuingia leo anahitaji seva ya habari, iko moja ya bure kwa maandishi inaitwa Eternal September, jina lake limetoka kwenye huohuo msemo wa septemba. Sasa ujiulize, kati ya wenzako kumi na watatu ni wangapi watakubali kusakinisha programu, kuweka anwani ya seva na paswedi, ili tu wasome mawazo yako kuhusu riwaya? Imeli kila mtu anayo tayari.

Pamoja na hayo kuna vitu Usenet inafanya vizuri kuliko listi na ningependa mviibe. Kwanza mpangilio wa nyuzi, unaona nani kamjibu nani mpaka mwisho kama matawi ya mti, na ukichoka na mtu fulani unaiambia programu yako isikuonyeshe tena maneno yake, yeye hajui, hakuna ugomvi. Pili kumbukumbu, kuna ujumbe wa kuanzia 1981 uliotunzwa, na mtu anayetaka kujua wasomaji wa kawaida walisemaje siku kitabu kilipotoka, kabla hakijawa maarufu, pale kuna utajiri ambao huupati kwenye makala za wasomi. Kundi la rec.arts.books peke yake unaweza kusoma jioni nyingi. Tatu, na hiki nakipenda mno, ile desturi yao ya kutomharibia mwenzako mwisho wa hadithi. Walikuwa wanatumia rot13, kila herufi unaisogeza nafasi kumi na tatu mbele kwenye alfabeti ya herufi 26, hivyo neno "amekufa" linakuwa "nzrxhsn", anayetaka kujua anabonyeza kitu kimoja linageuka, ambaye hajafika huko anapita salama. Ni heshima kubwa kwa msomaji mwenzako ile! Kwenye listi yenu fanyeni hata kwa njia rahisi, andika kwenye kichwa cha imeli kwamba humu kuna mwisho wa kitabu, acha mistari kama ishirini mitupu ndo uanze kusema.

Kitu ninachokuomba usikiache ni mpangilio wa jibu. Unapofungua listi utaulizwa, mtu akibonyeza kujibu, jibu liende kwa listi nzima au kwa aliyeandika tu? Wengi wanapita pale bila kufikiri. Mimi niliwahi kuwa kwenye listi moja ya mashairi, nzuri mno, watu kama arobaini hivi, ilikuwa imewekwa jibu liende kwa wote, memba mmoja akataka kumwandikia rafiki yake pembeni kwamba shairi la mama fulani mle ni la kitoto na anamwonea huruma, akabonyeza kujibu, ikatufikia wote pamoja na yule mama. Hakuandika tena. Alikuwa ndo anaanza, na mashairi yake yalikuwa yanakua mbele ya macho yetu, mpaka leo nikikumbuka naumia. Watu wa kompyuta wamebishana miaka juu ya hili, kuna wanaosema jibu likienda kwa mtu mmoja mjadala unakufa kwa sababu watu wanasahau kuweka anwani ya listi, na ni kweli unapungua kidogo. Kwa grupu dogo la marafiki kama nyie bado nasema wekeni liende kwa aliyeandika, anayetaka wote wamsikie aiandike anwani ya listi kwa mkono wake, ile sekunde moja ya ziada inaokoa mtu.

Pa kuifungulia, groups.io inafaa, aliyeitengeneza Mark Fletcher ndiye aliyeanzisha ONElist 1997 ambayo baadae iliungana na eGroups ikaja kuwa sehemu ya Yahoo Groups, kwa hiyo ni mtu aliyeanza hii kazi zamani. Google Groups nayo inaendesha listi za imeli mpaka leo, walichofunga ni ule upande wa Usenet tu. Kama kati yenu kuna mwenye seva yake basi Mailman, programu ya kuendeshea listi, ni ya bure. Popote mtakapoamua, mtu mmoja apewe kazi ya kutunza nakala ya barua zote kwenye kompyuta yake, kila mwezi. Yahoo Groups ilipofungwa kabisa tarehe 15 desemba 2020 kuna listi za vitabu zilizokuwa na mazungumzo ya karibu miaka ishirini, na ambaye hakuwahi kuchukua nakala hana kitu leo.

Msishangae pia kwamba Gmail haikuletei kwenye inboksi nakala ya ulichotuma mwenyewe kwenye listi, utadhani haijaenda kumbe wenzako wanayo. Na wiki ya kwanza kila mtu achungulie kwenye folda la spamu, kuanzia 2014 watoa huduma ya imeli wamekuwa wakali kwa barua zinazodai zimetoka kwa fulani huku zimetumwa na seva nyingine, na listi ndivyo inavyofanya kazi. Ukiona jina la mtu linafuatiwa na jina la listi kwenye sehemu ya mtumaji, ni dawa ya hilo tatizo tu, si wizi.

*

Shikamoo dada. Mimi naandika mashairi na hadithi fupi, bado sijachapisha kitu. Nataka kuyaonyesha kwa watu wanikosoe kabla sijatuma kwenye majarida. Rafiki ananiambia niyaposti kwenye kundi la ushairi la Usenet kwa sababu huko watu hawaoneani aibu. Mwingine anasema nikiposti nimeshayaharibu. Nani yuko sahihi?
Mwandishi chipukizi

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuandika. Huyo wa pili yuko sahihi zaidi, msikilize.

Majarida mengi yanataka kazi ambayo haijachapishwa popote, na mengi kati yao yanahesabu kuwa shairi likishawekwa mahali pa wazi kwenye intaneti ambapo yeyote anaweza kulisoma basi limeshachapishwa. Kundi la Usenet ni mahali pa wazi kuliko pote, shairi lako linaenda kwenye seva usizozijua, za watu usiowajua, na halirudi. Kuna njia ya kuomba ujumbe ufutwe lakini seva nyingi haziisikilizi. Kuna pia mstari unaoweza kuuweka juu ya ujumbe, X-No-Archive, ulioanza kutumika wakati kumbukumbu za Usenet zilipoanza kukusanywa na tovuti ya Deja News 1995, unaomba usitunzwe, lakini ni ombi, na mtu akikunukuu kwenye jibu lake maneno yako yanatunzwa ndani ya jibu lile.

Tafuta listi ya imeli iliyofungwa. Kabla hujatuma kitu uliza maswali mawili kwa msimamizi: kumbukumbu zinasomwa na memba peke yao au na dunia nzima? Na mtu mpya anaingiaje, anaidhinishwa au anajiingiza tu? Kama kumbukumbu zinafunguka kwa yeyote basi ni sawasawa na Usenet, hata kama inaitwa listi. Halafu soma masharti ya jarida unalolilenga kabla ya kuposti, mengine yanasema wazi kwamba kundi la kukosoana lililofungwa hawalihesabu.

Kuhusu kutooneana aibu, hapo mdogo wangu nina neno. Ukali wa mtu asiyekujua na ukweli wa mtu anayekusoma ni vitu viwili. Kwenye uwanja wa wazi mtu ataliponda shairi lako kwa mistari miwili na kuendelea na safari yake, hatakuwepo ukirudi na rasimu ya pili. Kwenye listi ndogo ya watu nane au kumi yuleyule aliyekwambia ubeti wa tatu umelegea ataona ulivyoukaza, atakwambia sasa tatizo limehamia ubeti wa tano, na ndani ya mwaka mtu huyo anaijua sauti yako kuliko unavyoijua mwenyewe. Hapo ndo mwandishi anakua, nimeshuhudia mara nyingi. Na wewe uwasome wenzako kwa bidii ileile, listi ambayo kila mtu anatuma na hakuna anayesoma inakufa ndani ya miezi mitatu.

Ila nenda kwenye makundi ya wazi usome tu, kimya kimya, hakuna atakayekuona. Angalia jinsi watu wanavyobishana juu ya mstari mmoja wa shairi, utajifunza lugha ya kukosoa.

*

Dada mpendwa, nimejiunga na listi ya riwaya, watu wazuri ila naletewa imeli sitini kwa siku, barua za kazini zinapotea humo. Nimetuma neno "nitoe" mara tatu kwenye listi, hawanitoi na wamenikasirikia. Nifanyeje?
Nimezidiwa

Pole ndugu yangu. Hizo barua tatu hazikwenda kwa msimamizi, zimewafikia memba wote kwenye inboksi zao, ndo maana wamekasirika. Listi ina anwani mbili, ya kuongea na wenzako na ya kuipa seva amri, maneno ya kujitoa yanaenda kwenye hiyo ya pili. Angalia chini kabisa ya imeli yoyote ya listi, kuna kiungo cha kujitoa, na programu nyingi za imeli zinaweka kitufe chake juu karibu na jina la mtumaji.

Lakini kabla hujatoka, kama watu ni wazuri kama unavyosema, jaribu mambo mawili. Ingia kwenye mipangilio yako ya memba ubadilishe upokee kifurushi kimoja kwa siku, barua zote sitini zinakuja zimeunganishwa kama gazeti, unazisoma jioni ukiwa umetulia. Ubaya wake ni kwamba ukijibu lazima ubadilishe kichwa cha imeli uandike mada unayoijibu, la sivyo watu wataona kifurushi namba fulani wasijue unaongelea nini, na ufute maandishi yote usiyoyajibu, usiwarudishie barua sitini chini ya sentensi yako moja.

La pili, ambalo mimi binafsi natumia, tengeneza folda na uiambie imeli yako kila kinachotoka kwenye listi hiyo kiende huko moja kwa moja bila kupita inboksi. Usichuje kwa kichwa cha habari, watu wanavibadilisha, chuja kwa List-Id, ni alama iliyofichwa ndani ya kila barua ya listi na haibadiliki. Kwenye Gmail fungua barua moja ya listi, bonyeza vile vidoti vitatu, chagua kuchuja barua za namna hiyo, yenyewe inajijazia. Kazini huoni kitu, ukifika jioni unafungua folda unakuta wenzako wamekaa wanakusubiri na kitabu. Na uandike barua moja fupi ya kuomba radhi kwa zile tatu, wataelewa, karibu kila mtu kwenye listi alishawahi kufanya hivyo.